Ukurasa wa "Kwa Nini" Uliorudishwa Mara Nne

Jumamosi, Julai. Mlola. Ukungu umekaa bondeni mpaka saa tano asubuhi, na mimi nimevaa sweta mbili pamoja na soksi za kaka yangu.

Leo nimemaliza ukurasa wa sababu. Nasema wazi, bila kujishusha: ni mzuri. Nimeusoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama, na sikukuta pa kunitia haya.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa bahati tu: mimi ni muuguzi, mwaka wa kumi na moja kazini, kwenye zahanati moja huko tambarare. Tangu mwaka jana nasoma shahada ya uzamili. Sasa nimechukua likizo, nimekuja nyumbani kwa Mama kuandika pendekezo la utafiti. Utafiti wenyewe unahusu watoto wanaoungua majumbani huku milimani, na kinachofanyika dakika zile za mwanzo kabla mtoto hajafikishwa hospitali. Kipupwe kikiingia huku, jiko la kuni halizimwi mchana kutwa. Kila mtu anataka kukaa karibu na moto, na watoto ndio wanaokaa karibu zaidi.

Pendekezo lina sehemu nyingi. Nyingi niliziandika bila taabu kubwa. Iliyonishinda ni hii fupi, inayojibu swali moja tu: kwa nini utafiti huu ufanyike, kwa nini hapa, kwa nini sasa. Msimamizi wangu aliirudisha mara nne.

Mara ya kwanza niliandika kwamba utafiti utaisaidia serikali, watunga sera na wadau mbalimbali. Akaandika pembeni: "Wadau gani? Wana majina?"

Mara ya pili nikaeleza nilivyoipenda mada hii tangu nikiwa chuo cha uuguzi. Akaandika: "Hii ni sababu ya wewe kutaka shahada."

Mara ya tatu nikajaza marejeo mpaka ukurasa ukawa mzito kama gunia la viazi. Akaandika: "Nimeona kwamba umesoma. Sijaona kinachokosekana."

Mara ya nne nilijiamini. Niliandika kwamba watoto wa milima yetu wanabaki na ulemavu kwa sababu ya uelewa duni wa akina mama kuhusu huduma ya kwanza. Niliandika kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya chuo, na kwa Kiingereza sentensi ile ilitoka tamu sana. Safari hii msimamizi hakuandika pembeni. Alinipigia simu.

"Umejuaje?" aliniuliza.

Nikamwambia nimefanya kazi miaka kumi na moja, nimeona kwa macho yangu.

"Sawa. Mtafute mama mmoja wa huko kwenu, umsomee ukurasa huu kwa lugha yake. Usimhoji, huna kibali bado. Msomee tu. Halafu uniambie alivyokuangalia."

Hiyo ilikuwa Jumatano.

Sasa nikiri jambo ambalo sikumwambia msimamizi, na nilikuwa sijajiambia hata mwenyewe. Sentensi ile ya uelewa duni ilikuwa na sura ya mtu.

Ilikuwa sura ya Zaina.

Zaina ni wifi yangu, mke wa kaka Salimu. Wanaishi hapa hapa na Mama. Salimu anapeleka mboga mjini na hurudi mwisho wa juma, kwa hiyo siku nyingi nyumba inabaki na wanawake wawili, mkwe na mkamwana, pamoja na Hadija, binti yao mwenye miaka mitano. Kipupwe cha mwaka jana Hadija alivuta birika la chai lililokuwa limeepuliwa tu. Chai ikammwagikia mkono wa kushoto, kuanzia begani hadi karibu na kiganja.

Mimi nilipata habari siku ya tatu. Nilipofika hospitali nilimkuta amefungwa bendeji, Zaina ameketi upande mmoja wa kitanda na Mama upande wa pili. Waliompokea waliniambia aliletwa jeraha likiwa limepakwa ute wa yai na unga, na kulisafisha kulikuwa na kazi. Nilimgeukia Zaina. Nilimuuliza mbele ya watu, kwa sauti ya kazini: "Kwa nini hukummwagia maji?"

Zaina aliinamisha kichwa. Hakujibu neno.

Nikauchukua ukimya ule nikautafsiri mwenyewe. Mkono ulipona, lakini kovu liliuvuta, na mpaka leo Hadija hawezi kuunyoosha kiwiko mpaka mwisho. Akinyoosha mikono kupokea kitu, mmoja unawahi na mwingine unabaki nyuma. Kila nilipoona hivyo nilimlaumu mama yake kimoyomoyo. Mwaka mzima nilimsalimia Zaina vizuri, nilimletea khanga sikukuu, na moyoni nilikuwa nimeshamhukumu.

Hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya niichague mada hii kwa shahada.

Alhamisi asubuhi nilimkuta Zaina jikoni anachambua maharage kwenye ungo. Mama alikuwa ameteremka kwenye kabichi. Nikavuta kigoda, nikafungua kompyuta magotini, nikamwambia mwalimu wangu amenitaka nimsomee mtu kazi yangu. Akacheka, akasema yeye aliishia darasa la saba, lakini masikio anayo.

Nikamsomea kwa Kiswahili, na palipokuwa pagumu nikamwambia kwa Kishambaa. Mwanzo ulikwenda vizuri. Baridi, moto, watoto, umbali wa hospitali. Alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nilipofika kwenye ule uelewa duni wa akina mama, ulimi ulisita. Kwa Kiingereza yalikuwa maneno ya kitaalamu. Kwa Kiswahili yalianza kuwa na ukali. Kwa Kishambaa sikupata njia yoyote ya kuyasema isipokuwa kusema kwamba akina mama hawana akili.

Niliyasema hivyo hivyo, kwa sauti ndogo.

Mikono ya Zaina ilisimama kwenye ungo.

"Wifi," alisema, "huyo mama asiyejua ni mimi?"

Nikamwambia hapana, ni akina mama kwa ujumla. Nilidanganya, na aliona kwamba nimedanganya.

"Maana mimi nilijua. Ulinifundisha wewe mwenyewe, nikiwa na mimba yake. Mtoto akiungua mmwagie maji safi ya baridi, dakika ishirini, usimpake kitu. Hayo ndiyo uliyonifundisha. Siku ile ndoo nilikuwa nayo mkononi."

"Sasa ikawaje?"

Aliangalia mlangoni kwanza.

"Mama alisema, weka chini. Nikaweka."

Alirudia kuchambua maharage, akitupa yaliyooza mlangoni kwa kuku, na mimi nikabaki nimeketi na kompyuta magotini kama mtu aliyebebeshwa mtoto asiye wake. Nilikuwa naiona ile siku ya hospitali upya. Kwamba mtu aliyekuwa na jibu alikuwa upande wa pili wa kitanda. Kwamba Zaina alichagua kuonekana mjinga mbele yangu na mbele ya wauguzi wenzangu kuliko kumtaja mama mkwe wake mbele ya watu.

Na mimi ndiye mtafiti.

Nikamwomba radhi pale pale. Sikuiremba. Nilisema, "Zaina, mwaka mzima nimekulaumu moyoni, na nilikukosea." Akasema, "Nilijua, wifi. Unafikiri mtu haoni?" Kisha akaniuliza kama ninakunywa chai. Nilikunywa vikombe viwili.

Ingekuwa vizuri niseme kwamba baada ya hapo akili yangu ilifunguka. Haikufunguka. Alasiri hiyo hiyo nilikaa mezani, nikafuta "uelewa duni wa akina mama", nikaandika "mila potofu za bibi na mama wakwe". Vidole vilikwenda vyenyewe. Nilikuwa nimebadilisha mshtakiwa tu, hukumu nikaiacha ilivyokuwa. Na safari hii mshtakiwa alikuwa ananipikia.

Niliitazama ile sentensi, nikamsikia msimamizi kama vile yuko chumbani: umejuaje?

Kwa hiyo jana, Ijumaa, baada ya swala, nilimfuata Mama.

Huku kwetu mtoto hamhoji mama yake, hata awe na vyeti vya kujaza sanduku. Nilimkuta barazani anafunga karoti mafungu kwa ajili ya soko. Nikamwamkia tena ingawa nilishamwamkia asubuhi, nikakaa chini kwenye mkeka, nikaanza kufunga naye. Tulifunga mafungu kama kumi hivi bila mazungumzo ya maana. Kisha nikamwambia nataka kujua habari ya siku ile ya Hadija, si kwa kulaumu. Kwa nini maji hakuyataka?

Nilidhani atakasirika. Aliendelea kukaza kamba ya mgomba kwenye fungu lake mpaka likakaa sawa.

"Nilikuwa na mdogo wangu," alisema. "Mwanaidi. Hamkumjua, hata baba yenu hakumjua."

Nina umri wa miaka thelathini na sita na sijawahi kulisikia jina hilo.

Mama alikuwa na kama miaka kumi. Mwanaidi alikuwa mdogo zaidi, anaota moto asubuhi ya kipupwe kama hiki, nguo ikashika. Ukamla kifua, mgongo na miguu. Watu wakapiga kelele, maji, maji. Mama akakimbia kijitoni na mtungi, akarudi, akaenda tena. Wakammwagia mtoto maji yale ya baridi, wakamwacha uchi juu ya majani ya mgomba uani, huku wakubwa wakibishana nani ambebe na apelekwe wapi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini.

"Alianza kutetemeka. Kulia aliacha, akawa anatetemeka tu. Kisha akaacha na kutetemeka." Mama aliweka fungu lake juu ya mengine. "Maji niliyachota mimi, mwanangu. Kwa hiyo siku ile nilipomwona Zaina na ndoo, sikuwaza. Mdomo ulisema wenyewe."

Nilikaa pale nikiwa mtoto na nikiwa muuguzi kwa wakati mmoja. Mtoto alitaka kumkumbatia. Muuguzi alikuwa anaelewa, kitu kimoja baada ya kingine, kilichotokea kwenye ule ua. Mtoto aliyeungua mwili mzima, akalowanishwa na kuachwa wazi kwenye baridi, hupoteza joto haraka sana. Mama alikuwa ameona kitu cha kweli. Alichokosa ni mtu wa kumweleza kilikuwa nini.

Kisha nikajikumbuka mwenyewe. Sisi wauguzi tunatakiwa kufundisha mambo mawili kwa pamoja: poza jeraha, mtunze mtoto joto. Mimi nilipomfundisha Zaina nilisema maji, nilisema dakika ishirini, nilisema usipake kitu. Blanketi sikulitaja. Nilikuwa na haraka, nadhani, au niliona ni jambo linalojulikana. Laiti Zaina angekuwa na jibu la kumpa Mama pale jikoni, kwamba tunamwaga mkononi tu, na huku mwili tunaufunika, pengine Mama angesikiliza. Nilimpeleka vitani na panga lisilo na mpini.

Nikamweleza Mama yote, polepole. Alinisikiliza akiwa ametazama karoti.

"Kwa hiyo nimeuharibu mkono wa mjukuu wangu."

Miaka kumi na moja kazini imenifundisha kutokimbilia kufariji. Nilimwambia ukweli: "Sijui, Mama. Pengine kovu lingekuwa dogo. Pengine lingekuwa hivi hivi. Hakuna anayeweza kukuambia."

Akanyanyuka. Aliingia jikoni alikokuwa Zaina, na kwa kuwa ukuta wetu ni wa mbao nilisikia kila neno.

"Siku ile ndoo ulikuwa nayo. Mimi ndiye niliyesema weka chini. Salimu akirudi nitamwambia mwenyewe."

"Yameshapita, Mama," Zaina alisema.

"Hayajapita. Mtoto hanyooshi mkono."

Sikusikia kilichofuata, maana hakikuwa maneno. Nilimsikia Zaina akilia, kisha Mama akimwambia kwa Kishambaa anyamaze, akimwita mwanangu. Mimi nilibaki na karoti. Nilifunga mafungu mengi sana, na mengine nimeambiwa leo yalikuwa yanafunguka sokoni.

Basi asubuhi ya leo nilipokaa mezani sikuwa na shida ya kuandika. Shida ilikuwa mkono kushindwa kufuata kasi ya kichwa.

Niliandika kwamba mafundisho ya huduma ya kwanza huku hutolewa zaidi kwenye kliniki ya mama na mtoto, na anayekwenda kliniki ni mama kijana. Lakini mtoto anapoungua, jikoni kuna watu zaidi ya mmoja, na anayeamua huenda ni yule asiyewahi kukaa kwenye benchi la kliniki. Niliandika kwamba maandiko niliyoweza kuyasoma yanapima mama anajua nini. Sikukuta lililouliza nani alikuwa jikoni, nani alisema nini, na nani alinyamaza. Niliandika kwamba kukataa maji kunaweza kuwa na historia yake, na kwamba mahali penye baridi kama hapa, fundisho lililofika nusu linaweza kukutana na kumbukumbu iliyokamilika, na likashindwa. Kwa hiyo utafiti uulize uamuzi unavyofanyika ndani ya nyumba, na uulize milimani, wakati wa kipupwe, kabla hatujachapisha bango jingine la kuwafundisha akina mama kile ambacho pengine wanakijua.

Wadau nao niliwaandika. Safari hii wana majina: bibi, mama mkwe, mama mzazi, baba akiwepo, na muuguzi mwenye haraka.

Mambo ya Mama, Zaina na Mwanaidi sikuyaandika humo hata mstari. Yale si data. Sina kibali cha maadili, na hawa ni watu wangu; utafiti wenyewe nitaufanya upande wa Mgwashi, kwenye milima hii hii, ambako sina ndugu wa kunifichia wala wa kunionea aibu. Yaliyonipata hapa yamenipa swali tu. Majibu nitayatafuta kwa wengine, na kama yatakuja tofauti na ninavyodhani sasa, nitayaandika yalivyo. (Humu kwenye blogu wenyewe wameniruhusu niandike, na majina yote nimeyabadilisha. Jina la marehemu mdogo wake, Mama amelichagua mwenyewe.)

Saa sita nilipanda mpaka kwenye kona ya juu ya msikiti ambako mtandao unashika, nikatuma. Nilikaa kwenye jiwe kusubiri, nikila peasi. Msimamizi wangu si mtu wa kujibu siku za mapumziko, lakini leo alijibu kabla sijashuka.

"Sasa naona utafiti. Ongeza aya moja: wewe ni nani katika jambo hili, na utajizuiaje usisikie unachotaka kusikia. Baada ya hapo tunaomba kibali."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Mzee mmoja aliyekuwa anapita na mbuzi wake aliniuliza kama ni habari njema. Nikamwamkia, nikamwambia ni njema sana. Aya hiyo nimeshaiandika. Ilikuwa rahisi kuliko zote, kwa kuwa wiki hii nimejiona vizuri.

Jumatano tunampeleka Hadija hospitali akaonwe na wataalamu wa mazoezi ya viungo. Ilipasa kufanyika miezi mingi iliyopita, na mimi, mwenye taaluma, ndiye niliyepaswa kusema. Nilikuwa nimeshughulika kulaumu. Mama amesema naye anakwenda, tena anataka kuingia ndani kwa daktari asikie mwenyewe.

Alasiri hii, wakati tunamenya viazi, nilimwambia Zaina kwamba ukurasa umekubaliwa. Akafurahi kwa dhati. Akaniuliza: "Na mimi utaniweka humo, kwenye hicho kitabu chako?"

Nikamweleza kwamba haiwezekani. Sheria za utafiti hazinipi nafasi ya kumhoji wifi yangu mwenyewe.

Alifikiri kidogo, kiazi mkononi.

"Basi niulize tu," alisema, "hata kama huandiki."

Nilikuwa sijawahi. Miaka saba tumekuwa mawifi, nimemfundisha, nimemwelekeza, nimemkaripia mbele ya watu. Kumuuliza kitu na kunyamaza nisikie, sijawahi.

Kesho tuna shamba la kupalilia, sisi wawili, kutwa nzima. Kompyuta itabaki ndani.